Je, wajua? Ukibana pumzi, kinachokutesa si uhaba wa oksijeni

Bana pumzi sasa hivi, uhesabu polepole. Mwanzoni hakuna shida. Baadaye kifua kinaanza kudai, unameza mate bila sababu, na mwishowe mdomo unafunguka wenyewe. Wengi wetu tukiulizwa tutasema oksijeni imekwisha. Haijaisha. Damu bado inayo ya kutosha. Kilichozidi ni hewa ya ukaa. John Scott Haldane na John Priestley walilionyesha hili Uingereza mwaka 1905: mtu aliyetulia, kasi yake ya kupumua huendeshwa na hewa ya ukaa.

Sasa ubongo unaijuaje? Gesi hii hupenya kuta za mishipa ya damu ya ubongo bila kizuizi. Ikishafika ndani huungana na maji, ikawa asidi ya kaboni, na asidi hiyo ikaachia ioni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ambazo ndizo zinazoleta uchachu. Ioni hizo zikiwa kwenye damu hazivuki kirahisi. Gesi ndiyo inayovuka, kisha asidi inazaliwa ng'ambo. Kwa hiyo ubongo huipima hewa ya ukaa kwa kuonja, hasa, uchachu wake.

Waonjaji wakuu ni kifungu kidogo cha seli za neva katika sehemu ya chini ya shina la ubongo, karibu na uso wake wa mbele. Kwenye utando wa seli hizi kuna mlango wa protini uitwao TASK-2, unaopitisha potasiamu. Hali ikiwa shwari mlango uko wazi: potasiamu, yenye chaji chanya, inavuja kwenda nje, ndani kunabaki na chaji hasi, na seli inatulia. Asidi ikipanda, mlango unafungwa. Potasiamu inanasa ndani, chaji hasi inapungua, seli inaanza kufyatua ishara mfululizo, na kiwambo, ule msuli wa kupumua ulio chini ya mapafu, kinaamriwa kuvuta hewa. Mimi hunifurahisha sana hapo: kengele inalia kwa sababu mlango umefungwa.

TASK-2 ana mwenzake, kipokezi kiitwacho GPR4, ambacho si mlango ila nacho hunasa ioni za haidrojeni. Panya waliokoseshwa vyote viwili karibu hawahangaiki tena hewa ya ukaa inapoongezeka. Kupumua kwao hubadilika kidogo tu.

Ile hofu ya kukosa hewa ni habari nyingine. Kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, kuna milango ya ASIC1a. Hii hufanya kinyume: asidi huifungua, sodiamu ikaingia, seli ikaamka. Panya wasio nayo huogopa kidogo mno wanapovutishwa gesi hii. Ungedhani basi asiye na amigdala hatishiki. Mwaka 2013 watafiti waliwapa watu watatu, ambao amigdala zao zimeharibika pande zote mbili, hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa. Wote watatu walipatwa na kiwewe. Kumbe kengele ya hofu haiko chumba kimoja.

Na ndiyo maana kuhema haraka haraka kabla ya kupiga mbizi ni hatari. Kuhema huko hakuongezi oksijeni ya maana, kunafukuza hewa ya ukaa tu. Mwogeleaji anakaa chini ya maji akijiona yuko sawa, milango ya TASK-2 ikiwa bado wazi, huku oksijeni ikishuka kimyakimya hadi anazimia kabla hajahisi hamu ya kupumua.