Mashudu ni nini, na samaki wa bwawani huyala vipi?

Ukikamua mbegu za alizeti ukapata mafuta, kinachobaki ndicho mashudu. Pamba, soya, karanga na ufuta nazo hutoa yake. Kwenye agroveti za Nairobi utasikia yakiitwa keki, maana hutoka mashineni yakiwa yameshikana vipande vipande. Wafugaji wa ng'ombe wanayajua tangu zamani. Mwenye bwawa la tilapia kule Ruai au Kiambu huanza kuyaulizia siku anapopiga hesabu na kuona chakula pekee kimemla nusu ya gharama au zaidi.

Protini ya chakula cha samaki kwa kawaida hutafutwa kwa omena, yaani dagaa, wa Ziwa Victoria. Ni protini nzuri sana, ila omena ni kitoweo pia, na nyumba nyingi za Kayole na Kibera zinakitegemea. Mimi sioni raha kumlisha samaki kitoweo cha jirani wakati alizeti imeshakamuliwa na mashudu yake yako pale kwenye gunia.

Hata hivyo, mashudu si kitu kimoja. Ya soya iliyokamuliwa mafuta vizuri hufikia protini ya asilimia 44 hadi 48. Ya alizeti yanategemea maganda: yakiwa yamekobolewa protini hupanda, yakikamuliwa na maganda yake hushuka, na samaki hupewa nyuzinyuzi asizoweza kuzimeng'enya. Kukamua kwenyewe kuna mawili. Kinu cha kusukuma huacha mafuta kidogo ndani, na hayo humpa samaki nguvu lakini huchacha gunia likikaa sana. Kiwanda kinachotumia kemikali huyatoa karibu yote.

Kila aina ina dosari yake pia. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomkwamisha samaki kumeng'enya protini, na moto ndio huviondoa. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, kwa hiyo hutiwa kwa kiasi, na samaki wa kuzalisha ni heri wasipewe. Ya karanga hupata sumukuvu upesi yakiguswa na unyevu. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino: alizeti ina chache ya aina ya laisini, soya ina chache ya aina ya methionini, na ndiyo sababu hizo mbili huchanganywa: moja huziba pengo la mwenzake.

Chukua mfano wa kilo 10: soya kilo 3 yenye protini asilimia 45, alizeti kilo 3 yenye 28, pumba za ngano kilo 3 zenye 15, na omena kilo 1 yenye 55. Ukijumlisha unapata protini kilo 3.19, yaani karibu asilimia 32. Tilapia anayekuzwa kwa ajili ya soko anatosheka na 25 hadi 30, hivyo unaweza hata kupunguza omena na kuongeza pumba kidogo. Vifaranga wanataka zaidi, na kwao sishauri kuiondoa omena kabisa.

Kununua ndiko kunakotaka macho. Niliwahi kubeba gunia la alizeti bila kulifungua. Nilipofika nyumbani nikakuta katikati yameshikana madonge ya kijivu, na ukiyavunja yanatoka vumbi la ukungu. Nililizika lote. Kuzamisha mkono hadi katikati ya gunia sasa ni lazima kwangu: yakiwa na joto au unyevu, naliacha hapo hapo. Kisha natia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, nakoroga, nasubiri. Mchanga ukitanda chini, muuzaji ameniuzia udongo kwa bei ya protini.

Nyumbani mashudu husagwa laini, yakachanganywa na unga wa muhogo uliopikwa uwe gundi, kisha yakapitishwa kwenye mashine ya kusaga nyama na kuanikwa kivulini hadi vipande vivunjike kwa mlio mkavu. Vipande hivyo huzama, havielei kama vya kiwandani. Kwa hiyo vitupe kidogo kidogo, kwenye kona ile ile, saa zile zile, na usimame uangalie. Maji yakitulia kabla hujamaliza ndoo, acha hapo: kinachozama bila kuliwa huoza na kumaliza hewa wanayoivuta samaki hao hao.