Hivi wajua sauti ya Sridevi, yule nyota wa filamu za Kihindi, uliyoizoea kwenye filamu nyingi haikuwa ya kwake?

Juzi nipo saluni Magomeni nasukwa, tivii inaonyesha tamthilia ya Kihindi ile iliyoingizwa sauti za Kiswahili, mara dada anayenisuka akasimamisha kitana hewani akasema jamani huyu sauti yake si hii, wiki iliyopita alikuwa na sauti nzito. Ukazuka ubishi pale wa kila mtu na lake. Kuna mama mtu mzima alikuwa chini ya draya, akatoa kichwa akasema enzi zetu hakukuwa na mambo hayo ya kubandika sauti, Sridevi alikuwa anaongea mwenyewe Kihindi chake safi kabisa.

Nikamwambia mama samahani, Sridevi naye alikuwa anaingiziwa sauti, na kwa miaka mingi tu. Akaniangalia kama nimemtukania ndugu yake. Muda ule kichwa kipo mikononi mwa watu sikuweza kumweleza vizuri, kwa hiyo naeleza hapa, manake naona wengi hatulijui hili na ni jambo linalonifanya nimpende Sridevi zaidi ya mwanzo.

Kwanza kabisa Kihindi hakikuwa lugha yake. Sisi huku Mhindi ni Mhindi tu, ila India ni nchi ya lugha nyingi mno na mtu wa kusini anaweza akakaa na mtu wa kaskazini wasielewane hata salamu. Sridevi alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 jimbo la Tamil Nadu, kusini kule, akakulia kwenye Kitamil na Kitelugu. Alianza kuigiza ana miaka 4. Yaani umri ambao mtoto wa huku ndio kwanza anapelekwa chekechea yeye yuko mbele ya kamera. Alipofika 13, mwaka 1976, wakampa uhusika wa mwanamke mkubwa kwenye filamu ya Kitamil, Moondru Mudichu, humo ndani anakuja kuwa mama wa kambo wa mwigizaji Rajinikanth, na Rajinikanth alikuwa amemzidi zaidi ya miaka 12! Mwaka uliofuata ikatoka 16 Vayathinile, akawa stelingi mkubwa wa kusini. Alikuwa anacheza za Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam, Kikannada, zote.

Huku kwetu tulikuja kumjua kwa zile za Kihindi, na kule alianza vibaya. 1979 walimchezesha Solva Sawan, ambayo ni hadithi ileile ya 16 Vayathinile imerudiwa kwa Kihindi, ikadoda. Akarudi zake kusini. 1983 ndio ikaja Himmatwala na Jeetendra, hapo mlango ukafunguka.

Sasa mtu hajui lugha vizuri anakuwaje malkia wa sinema ya lugha hiyo?

Jibu lipo kwenye namna filamu za India zilivyokuwa zinatengenezwa. Kamera nyingi za wakati ule zilikuwa na kelele, ukiiwasha inalia kama cherehani, juu yake kuna mataa makubwa, feni za kupeperusha nywele, mwongozaji anapiga kelele geuka, lia, kimbia. Sauti inayorekodiwa pale haifai kwenda sinema, inachukuliwa ya kuongozea tu. Wakimaliza kupiga picha wanaingia studio, chumba cha giza, wanachukua kipande kifupi cha mkanda wanakiunga mwanzo na mwisho kinakuwa kama duara, kinazunguka kwenye skrini hichohicho mara kumi, mara ishirini, na mwigizaji amesimama mbele ya maiki anaangalia midomo yake mwenyewe anarudia maneno mpaka yakae sawa. Waigizaji karibu wote walikuwa wanapitia chumba hicho, hata waliokijua Kihindi tangu tumboni. Filamu kubwa iliyowarudisha watu kwenye kurekodi sauti hapohapo wanapoigizia ni Lagaan, na hiyo ni 2001 juzi tu.

Kwa hiyo ukiona hivyo utaelewa, kama sauti inawekwa baadaye basi si lazima mwenye midomo awe ndiye mwenye sauti. Na mwanamke aliyekuwa anasimama gizani badala ya Sridevi mara nyingi alikuwa anaitwa Naaz. Huyu naye naomba mumjue. Naaz alikuwa mtoto nyota kabla Sridevi hajazaliwa, alicheza Boot Polish ya 1954, na mwaka 1955 akiwa mtoto alipewa tuzo maalum ya heshima kule tamasha la Cannes, Ufaransa. Alipokua mtu mzima umaarufu haukumfuata, akaishia kuwa sauti ya mtoto nyota mwingine. Alifariki 1995. Watu walilia, wakacheka, wakamtamani Sridevi kwa kusikia pumzi za Naaz na jina lake wengi hawakulijua. Kuna filamu moja pia, Aakhree Raasta ya 1986, sauti ya Sridevi humo ni ya Rekha, yule mwigizaji mwenzake.

Na msidhani ni kazi rahisi ile. Kuna herufi zinazofunga midomo, m, p na b. Ukisema "mama" midomo imekutana mara mbili, ukisema "kaka" haijakutana kabisa. Kwa hiyo mtia sauti akiona mdomo kwenye skrini umefunga halafu yeye neno lake liko wazi, mtazamaji anashtuka hata kama hajui kimemshtua nini. Ndio maana tamthilia hizi za kwenye tivii mtafsiri inabidi achague neno la Kiswahili linaloingia kwenye ule mdomo, anaacha "kaka" anaweka "bwana", na akikosea ndio hayo dada yangu wa saluni anayasikia.

Nyimbo ndio zilikuwa kinyumenyume. Kwenye maongezi picha inaanza sauti inafuata, kwenye wimbo sauti inaanza, inarekodiwa studio na mwimbaji kabisa, halafu siku ya kupiga picha inafunguliwa kwenye spika na stelingi anafuatisha mdomo huku anacheza. Ile ya nyoka kwenye Nagina ya 1986, Amrish Puri anapuliza zumari na Sridevi anajipinda mwili mzima macho yamemtoka, anayeimba pale ni Lata Mangeshkar. Hawa Hawai ya Mr. India, 1987, ni Kavita Krishnamurthy.

Ile ya nyoka nimeikuta nyumbani kwenye kanda ya deki iliyochoka mpaka picha inatetemeka, na uani kwetu watoto wa kike tulikuwa tunajifunga mtandio kichwani mmoja anakuwa nyoka mmoja mpuliza zumari, tunaimba Kihindi cha kukisia neno kwa neno, hatujui tunasema nini lakini hatukosei hata pumzi. Nikija kufikiri, yule tuliyekuwa tunamuiga naye pale mwanzoni alikuwa anakamata maneno ya lugha ngeni kwa sikio, anayabeba jinsi yanavyolia.

Cha kwake mwenyewe kilikuwa ni kila kitu kingine. Angalia Sadma ya 1983, mwisho pale stesheni ya treni, mvua, Kamal Haasan anahangaika chini anafanya vituko vya nyani ili amkumbuke, na yeye dirishani anamtazama kama anavyotazamwa chizi wa njiani, uso hauna hata chembe ya kumjua. Pale hakuna sauti ya mtu inayokuliza, ni uso wake tu. Au kwenye Mr. India alipovaa kama Charlie Chaplin akaingia kwenye kamari, anachekesha kwa miguu na kope. Kwa maoni yangu watu wa Dar tulimwelewa kuliko stelingi wengine kwa sababu hii hii, sisi hatukuwa tunafuata maneno, tulikuwa tunafuata macho.

Halafu ikafika 1989, Chandni ya mwongozaji Yash Chopra. Humo kwa mara ya kwanza kwenye filamu ya Kihindi aliingia yeye mwenyewe chumba cha giza akaongea kwa sauti yake, miaka 10 tangu ile Solva Sawan. Na hakuishia kuongea, ule wimbo wenye jina la filamu, Chandni O Meri Chandni, ameuimba mwenyewe na Jolly Mukherjee. Sauti nyembamba, ya kitoto kidogo, haina ufundi wa Lata kabisa, inacheka ndani ya wimbo. Mimi naipenda mno.

Baada ya Judaai ya 1997 alikaa pembeni karibu miaka 15 akilea binti zake wawili, akarudi 2012 na English Vinglish. Humo anaitwa Shashi, mama wa nyumbani anayeuza ladu, mume na binti yake wanamdharau kwa sababu hajui Kiingereza, anakwenda New York anaingia mgahawani kuagiza kahawa na maneno yanamgomea, muuzaji anamkaripia, anatoka nje analia. Sauti ile inayotetemeka ni ya kwake. Alifariki Dubai tarehe 24 Februari 2018 ana miaka 54, na mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Mom.

Yule mama wa saluni nilivyomaliza kusukwa nilimfuata nikamfungulia ule wimbo wa Chandni kwenye simu, nikamsogezea sikioni. Akasikiliza kimya mpaka ukaisha. Akaniuliza, na ule wa nyoka je, mwanangu? Nikamwambia mama, ule ni Lata. Akasema haya, hebu niwekee tena huu wa kwake.