Kabrioleti si mkokoteni

Juzi nimemsikia tena mtafsiri wa filamu akiliita gari la bwana mmoja tajiri wa Paris "mkokoteni". Nimeshalisikia kosa hili mara nyingi mno, na safari hii naomba tuelewane.

Kabrioleti ni kigari chepesi cha magurudumu mawili, cha kuvutwa na farasi mmoja, chenye nafasi ya watu wawili na kifuniko cha ngozi kinachokunjwa. Kilivuma Ufaransa katika karne ya 18, kisha Uingereza.

Sasa tuje kwenye jina. Mkokoteni unatokana na kukokota: uzito, jasho, mwendo wa taratibu. Ukimwona kijana wa Kariakoo ameinamia magunia ya vitunguu, neno linajieleza. Kabrioleti inatokana na kitenzi cha Kifaransa cha kurukaruka kama mwanambuzi. Kitenzi hicho Wafaransa walikipata kwa Waitalia, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini "caper", yaani beberu. Kigari kile kilikuwa chepesi juu ya springi zake, kikidundadunda barabarani hadi watu wakaona mbuzi anacheza. Lugha moja imetaja kuburura, nyingine kuruka. Ukibadilisha hayo mawili umempa msikilizaji kinyume cha alichokusudiwa.

Tena kigari hiki kilikuwa na heshima yake mjini. Gari kubwa la familia lilikuwa na dereva wa kuajiriwa, lakini kwenye kabrioleti mwenyewe ndiye aliyeshika hatamu, na alitaka aonekane ameishika. Nyuma alisimama mtumishi mdogo mwenye sare. London walipenda farasi awe mkubwa na mtoto yule awe mdogo kadiri iwezekanavyo, jambo linaloniudhi hadi leo, maana alikuwa mtoto wa watu aliyefanywa pambo. Mwaka 1755 mwandishi Mwingereza Horace Walpole alisimulia katika barua jinsi Paris ilivyopagawa: wanaume walichorewa kabrioleti kwenye vizibao na kutariziwa kwenye soksi, wanawake wakavaa kichwani kofia kubwa zenye umbo la magurudumu yake. Chombo cha kubebea magunia hakifikishwi huko.

Kuanzia 1823 kabrioleti zilikodishwa London, na watu wakalikata jina likawa "cab". Mwaka 1834 msanifu majengo Joseph Hansom alipata hataza ya gari lake la kukodi, nalo likaitwa "cab" vilevile. Baadaye ikaja mita ya kupima nauli, "taximeter", na majina mawili yakaunganishwa: "taxicab". Kiswahili kikachukua nusu ya kwanza, teksi, kikamwacha mbuzi. Kwa hiyo anayesema teksi imeitwa hivyo kwa sababu mwenye gari hulipa kodi serikalini amepotea njia. Neno la Kilatini "taxa", lililozaa "taxi" ya "taximeter", hapo ni malipo anayotozwa abiria. Na sisi tulilipokea jina la mita wakati teksi nyingi za Dar es Salaam hazikuwa nayo, bei ikipatanwa dirishani.

Ndugu mtafsiri, kazi yako naipenda na najua unaifanya kwa haraka. "Kigari cha farasi" kinatosha kabisa. Ila bwana akishika hatamu mwenyewe, liseme hilo, na kama nyuma kuna mtoto amesimama na sare yake, mtaje.