Kobe mgonjwa hatibiwi kama mbuzi

Kobe wengi wanaookotwa upande wa Kisongo na Monduli mkoani Arusha, wamegongwa na pikipiki au wameungua shamba lilipochomwa moto kabla ya kulimwa, huishia uani kwa mtu mwenye huruma. Mara nyingi ni kobe chui, yule wa gamba la manjano lenye madoa meusi. Huruma hiyo naiheshimu sana. Ila kobe aliyeponea barabarani anaweza kufia uani kwa sababu ya mambo tunayoambizana mtaani, na baadhi ya mambo hayo ni hatari kuliko jeraha lenyewe.

"Mchome kwanza sindano ya minyoo na kupe"

Naanza na hili kwa sababu linaua. Dawa hiyo, ivamektini, inapatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na mfugaji yeyote wa ng'ombe au mbuzi anaifahamu. Kwa kobe ni sumu. Inamlegeza misuli, inampooza, mpaka kupumua kunamshinda. Wala usijidanganye kwamba ukipunguza dozi itakuwa salama. Hilo ni kwa kobe wa aina zote, wa nchi kavu na wa majini, na ni kwa dawa ya kupaka vilevile. Kupe wa kobe wang'oe kwa kibanio, mmoja mmoja, hasa kwenye mikunjo ya shingo na miguu ya nyuma.

Kuhusu minyoo, kobe wa porini huishi nayo kiasi bila kuugua. Mpelekee daktari wa mifugo kinyesi kibichi akipime, ndipo aamue kama dawa inahitajika na ni ipi. Mwambie mapema kwamba mgonjwa ni kobe, maana dozi ya mnyama mwenye damu moto haihamishwi tu kwa mnyama anayetegemea joto la nje. Akiagiza sindano, kwa kawaida huchomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla dawa haijasambaa mwilini.

"Gamba halina maumivu, lizibe kwa gundi"

Gamba ni mfupa ulio hai. Uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, lina damu na lina neva. Kwa hiyo kulitoboa ili umfunge kamba ni kumtoboa mfupa, na naomba tuache kabisa tabia hiyo.

Likipasuka, ukiziba kwa gundi au saruji unawafungia bakteria ndani. Safisha ufa kwa maji ya dripu ya chumvi, funika kwa kitambaa safi cha kufungia vidonda, kisha mweke ndani ya nyumba ambako nzi hawafiki, kwani nzi wakitaga kwenye jeraha funza huanza kula nyama. Ufa ukiwa mgongoni na una kina, usimwagie maji: mapafu yake yapo chini kabisa ya gamba la juu. Futa kingo tu, mwahishe kwa daktari. Mwahishe vilevile akiwa anaburuza miguu ya nyuma au hawezi kuisukuma. Kupona huchukua miezi, mara nyingine hata zaidi ya mwaka, na wengi hukata tamaa wakati mfupa bado unaunga.

"Hali chakula na amefumba macho kwa sababu ya baridi, muache alale"

Hapa ushauri wa mtandaoni umetuponza. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa ajili ya kobe sanduku wa Marekani, ambaye gamba lake la tumboni lina bawaba na hujifunga kabisa. Huyo hulala majira yote ya baridi, na chakula chake ni pamoja na minyoo ya ardhini, konokono, uyoga na matunda. Kobe chui hana usingizi huo, na chakula chake ni nyasi na majani.

Kwa hiyo mwezi wa saba hapa Arusha, wingu limekaa wiki nzima na kobe wako hali, usiseme amelala. Amepoa mno, au anaumwa. Tazama pua. Povu au kamasi, shingo iliyonyooshwa mbele, mdomo wazi, sauti ya kukoroma: hizo ni dalili za mapafu. Kobe hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) cha kumsaidia kukohoa na kutoa makohozi, ndiyo maana yale tunayoyaita mafua hugeuka nimonia. Mtengenezee boksi lenye balbu ya joto upande mmoja, nyuzi 28 hadi 30 mchana, usiku isishuke chini ya 24. Bila joto hilo hata antibiotiki haifanyi kazi yake vizuri. Mjini Moshi kuna joto zaidi, lakini mgonjwa asilale kwenye sakafu ya saruji hata huko.

Jua likitoka, mtoe nje, na pawepo kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, kwani kioo huzuia ile miali inayomwezesha kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu. Akikosa vyote viwili, gamba hulainika.

"Kobe hanywi maji"

Anakunywa, tena kobe aliyeokotwa mara nyingi ameshamwaga akiba yake kwa kukojoa alipoinuliwa kwa hofu. Mweke kila siku dakika 15 hadi 20 kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika puani. Mkojo mweupe na laini ni kawaida. Ukitoka mgumu wenye chengachenga, amekaukiwa.

Maziwa, mkate na ugali havimfai. Mpe nyasi, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyotolewa miiba. Mchicha na spinachi usivifanye chakula cha kila siku, vinazuia kalsiamu. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa ni nyongeza nzuri na haigharimu kitu.

"Mweke bandani, atazuia mdondo wa kuku"

Kobe hazuii mdondo. Kinachozuia ni chanjo, inayorudiwa kila miezi mitatu. Bandani kuku watamdonoa macho na kidonda, naye atakula chakula chao chenye protini nyingi kisichomfaa. Isitoshe, kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata akionekana mzima, hivyo watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika.

"Nimemuokoa, basi ni wangu"

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali. Mtaarifu afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) siku za mwanzo, si baada ya miezi. Usimwachie popote unapoona panafaa, kwani kobe aliyeugua akiwa kwa watu anaweza kuwaambukiza wenzake porini. Andika mahali alipookotwa na tarehe, na umpime uzito kila wiki kwenye mizani ya jikoni. Karatasi hiyo mpe afisa pamoja na kobe. Ndiyo itakayowasaidia kuamua arudishwe wapi na lini.