Ufadhili wa serikali za nje: faili lianze kabla ya tangazo

Ufadhili wa masomo wa serikali za nje hauombwi mwezi unapotangazwa. Huombwa miezi sita kabla, kwenye ofisi za NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, na RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Wengi ninaowaona Kigoma na Tabora wakikosa nafasi wana alama za kutosha. Kinachowaangusha ni kalenda na karatasi.

Anza na kalenda. Stipendium Hungaricum ya Hungaria hufunga katikati ya Januari. Türkiye Bursları ya Uturuki hupokea maombi kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari. Ule wa serikali ya China, maarufu kwa jina la CSC, nao huangukia miezi ya mwanzo wa mwaka. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei na kupata matokeo Julai, na katikati hapo kuna mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ambako huwezi kukaa ukiperuzi baruapepe. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule kama Milambo au Kazima za Tabora ana njia mbili. Ama anaomba akiwa bado shuleni, kwa cheti cha kidato cha nne, alama za shule na barua ya mkuu wa shule inayosema atahitimu lini, pale ambapo masharti yanaruhusu. Ama anasubiri dirisha la mwaka unaofuata akiwa na cheti mkononi. Akichagua kusubiri, aangalie umri: Uturuki inataka muombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, China chini ya 25.

Sasa karatasi, na hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na mikoa mingine. Pasipoti ni shilingi 150,000, na huiombi bila namba ya NIDA. Sisi ni mkoa wa mpakani, Burundi upande mmoja na Kongo ng'ambo ya ziwa, hivyo maswali ya uraia huwa marefu: wazazi walizaliwa wapi, babu alitoka wapi, kuna cheti gani cha kuthibitisha. Mtu wa Buhigwe au Kibondo asishangae kuambiwa alete vyeti vya wazazi au viapo vyao. Hilo lisikukute Machi huku barua ya chuo imeshafika. Ukifikisha tu miaka 18, nenda NIDA.

Majina ndiyo tatizo ninaloliona kuliko yote. Cheti cha kuzaliwa kina Hamisi, cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kina Khamis, NIDA imeandika majina mawili badala ya matatu. Kwa mtu wa ubalozini hao ni watu watatu. Kanuni yangu: sogeza kila kitu kuelekea cheti cha NECTA, kwa sababu hicho ndicho kigumu kubadilika. Rekebisha NIDA na cha kuzaliwa kwanza, pasipoti iwe ya mwisho. Kama tofauti haiondoki, pata hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, uiambatishe kila unapoomba.

Steshenari zinasaidia sana, lakini zina mtego mmoja. Kijana wa steshenari hufungua akaunti ya maombi kwa baruapepe yake mwenyewe ili amalize haraka, na wito wa usaili unaingia kwake. Fungua baruapepe yako, nywila uiandike kwenye daftari, na namba ya simu iwe yako. Vyeti viskaniwe kwa mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole ni sababu tosha ya kuwekwa kando.

Upande wa alama, NECTA hutoa madaraja, fomu za nje hutaka asilimia. Kidato cha sita, A huanzia 80, B 70, C 60. Uturuki huweka kiwango cha chini cha 70 kwa shahada ya kwanza, 75 kwa uzamili na uzamivu, na 90 kwa udaktari wa binadamu. Usijitungie asilimia isiyolingana na cheti.

Fomu ya afya ya China hukataliwa kwa jambo dogo: picha yako lazima igongwe muhuri wa hospitali, na daktari asaini. Unaweza kuijaza hospitali ya Maweni au Kitete, ila matokeo hudumu miezi sita tu, basi usiikimbilie mapema mno.

Hungaria ina milango miwili. Unajaza kwenye mfumo wao, na vilevile unapaswa kupendekezwa na nchi yako, kwa hiyo fuata tangazo la Wizara ya Elimu neno kwa neno. Anayejaza mfumo wa Hungaria peke yake huenguliwa.

Soma pia kinacholipwa. Hungaria hufuta ada na kutoa forinti 43,700 kwa mwezi, pamoja na bweni au forinti 40,000 za kuchangia pango. Hiyo haitoshi kuishi, na nauli ya ndege ni yako. China hutoa yuani 2,500 kwa shahada ya kwanza, pamoja na malazi na bima. Nauli kwa kawaida unajilipia. Japani, kupitia MEXT, wizara yake ya elimu, hutoa yeni 117,000 na tiketi, lakini kuna mtihani wa kuandika, hisabati ikiwemo. Hakuna kati ya hizi inayodai ada ya maombi ubalozini au wizarani. Wakala anayetaka laki tatu anauza kujaza fomu.

Kwa walimu na maofisa wa halmashauri, Chevening, ufadhili wa uzamili wa Uingereza, inafaa zaidi. Inataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili, na kazi ya kujitolea huhesabiwa. Ukimaliza uzamili unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ruhusa ya mwajiri iombwe mapema, kwa maandishi.

Kabla ya kuondoka, pitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kupata NOC, yaani cheti cha kutokuwa na pingamizi, ili ujue kuwa chuo unachokwenda kinatambuliwa. Ukirudi utawapelekea cheti na orodha ya alama ili shahada itambuliwe hapa. Orodha hiyo ichukue chuoni siku unayohitimu. Kuifuatilia kutoka Kasulu ni kazi nyingine.