Trekta la ndoo ya mbele la mtumba: maneno ya dalali na ya kweli

"Saa zake chache, bado jipya hili." Kwenye trekta za zamani za Massey Ferguson, kama modeli 135 na 240, mita ya saa huendeshwa na waya unaozungushwa na injini, kwa hiyo inachohesabu ni mizunguko. Injini ikiunguruma taratibu kutwa nzima, mita husoma pungufu. Waya ukikatika, mita inalala na trekta linaendelea kuchapa kazi. Mimi huangalia pedali za klachi na breki zimelika kiasi gani, kisha naijaribu klachi yenyewe, maana trekta la ndoo hushinda likienda mbele na kurudi nyuma, na klachi ndiyo inayoumia.

"Linawaka mara moja, injini nzima." Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini. Ukiikuta ya moto, subiri ipoe. Iwashwe ikiwa baridi: moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimechoka.

"Ndoo ni nyongeza tu, ikisumbua unaitoa." Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Trekta la kilimo limeundwa livute, uzito ukae nyuma. Ndoo ikijaa mchanga, mzigo unaiegemea ekseli ya mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Ukiitoa ndoo leo, madhara ya miaka yote yanabaki kwenye trekta. Nyanyua mbele kwa jeki, weka magogo ya kuzuia, kisha litikise kila gurudumu usikie kilicholegea: kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), beringi, na ile pini ya katikati ambayo ekseli huchezea. Halafu chukua tochi, fuata mabano yanayoshika mikono ya ndoo hadi yanapofungwa kwenye mwili wa trekta. Tafuta nyufa, bolti zilizolegea, alama za kuchomelea, na oili inayovuja pale injini inapoungana na gia boksi. Mwili huo ni chuma cha kusubu, na kikipasuka hapo, fundi wa kuchomelea mtaani atakupa matumaini tu.

"Ndoo inanyanyuka, haidroliki haina neno." Pampu iliyochoka hufanya vizuri oili ikiwa baridi na nzito, nguvu hupotea ikipata moto. Fanya nalo kazi nusu saa ndipo uijaribu tena. Jaza ndoo, inyanyue hadi usawa wa kifua, zima injini, na mtu yeyote asipite chini yake. Kushuka polepole sana kwa mashine kuukuu kunavumilika, lakini ikifika chini ndani ya dakika chache, sili za silinda au vali zimekwisha. Kwenye Massey hizo nilizotaja, oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya gia boksi na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Chomoa kijiti cha kupimia: oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na chembe za chuma zinazometameta ni gia zinazosagika.

"Limepigwa rangi, mwenyewe analitunza." Rangi mpya huficha michirizi ya oili na alama za kuchomelea. Afadhali lililochakaa rangi, pini zake zikiwa na grisi mbichi. Na kabla ya pesa kutoka, linganisha namba iliyogongwa kwenye kibao cha trekta na ile ya kwenye kadi ya usajili.