Je, wajua kwa nini msaili huuliza swali ambalo hata yeye hajui jibu lake?

Dar es Salaam ina vinyozi wangapi? Mwombaji wa kazi ya ukaguzi au ya utafiti wa soko anayeulizwa swali la namna hii hudhani mara moja kwamba msaili ana jibu kwenye karatasi yake, na kwamba atakayelikaribia kwa haraka ndiye ataonekana ana akili. Dhana hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Msaili kwa kawaida haijui idadi hiyo wala haihitaji, na msailiwa anayebahatisha namba iliyo sahihi kabisa, kisha akanyamaza, amempa mtu wa kuandika alama kazi ngumu, kwa maana hakuna cha kupimwa. Haraka nayo haina thamani hapa. Anayetulia nusu dakika na kuomba kalamu hajapoteza kitu.

Maswali haya hunasibishwa na Enrico Fermi, mwanafizikia Mwitaliano aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1938 na baadaye kufundisha Chicago. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomiki lilipojaribiwa katika jangwa la New Mexico, Fermi aliangusha vipande vya karatasi, akatazama wimbi la mlipuko limevisukuma umbali gani, yapata mita mbili na nusu, akakadiria nguvu ya tani 10,000 za baruti aina ya TNT. Vipimo vya baadaye vilizidi tani 20,000. Kwa mtu aliyetumia karatasi, si haba.

Turudi kwa vinyozi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wanaume ni karibu nusu. Tukiwaondoa watoto wachanga, wanaofuga nywele na wanaonyolewa nyumbani, tuseme wanabaki milioni 2. Wakinyoa kila baada ya wiki mbili, ni vichwa milioni 1 kwa wiki. Kinyozi akihudumia vichwa 12 kwa siku, siku sita, anafikisha takribani 70, hivyo jiji linahitaji vinyozi kama 14,000.

Kila hatua hapo ina kosa lake, na bado jumla haipotei mbali, kwa sababu makosa ya kukadiria huelekea pande tofauti. Ni kama kununua mchele kwa vibaba kwa wauzaji wengi: mmoja hujaza mpaka kilele, mwingine hupunja, na gunia likijaa uzito wake haupishani sana na ule uliotarajiwa. Lakini wauzaji wote wakiwa wapunjaji, gunia litapungua tu, na ndiyo maana sehemu yenye alama nyingi zaidi ni pale msailiwa anapotaja mwenyewe kadirio analolitilia shaka. Hao 12 kwa siku, kwa mfano, wametoka wapi? Jumamosi saluni ina foleni hadi kibarazani, ilhali Jumanne asubuhi kinyozi amekaa kwenye kiti cha wateja anatazama mpira wa marudio. Wateja wakinyoa mara moja kwa mwezi badala ya mara mbili, 14,000 inageuka 7,000. Anayesema hivyo kabla ya kuulizwa ameonyesha fikra tunduizi, hata kama namba yake imekosea.

Je, swali lenyewe linachagua wafanyakazi wazuri? Hapo ushahidi ni mwembamba. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alisema hadharani kwamba mafumbo ya namna hii hayabashiri chochote. Tafiti za usaili kwa jumla huupendelea ule ambao wasailiwa wote huulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi na kupimwa kwa vigezo vilevile.

Kwa hiyo swali huenda likaja limevaa nguo za kazi: stoo imepungukiwa mifuko 40 ya saruji, utafanya nini? Wengi hukimbilia kumsimamisha mtunza stoo, wakidhani msaili anapima ukali. Jibu lenye uzito huanza kwa kutenganisha kilichothibitishwa na kilichodhaniwa: je, mifuko haipo, au imetoka bila kuandikwa kwenye leja? Nani alihesabu, na mzigo uliopokelewa ulihesabiwa au ulisainiwa tu kwa kuamini karatasi ya dereva?